Upande Wangu wa Sinia

Riwaya ya saba naiandika kwenye daftari la madeni la marehemu baba,
nyuma ya kurasa zake, kwa kuwa karatasi ni ghali
na waliokopa wameshakufa, au wamehamia Mokowe na hawasalimii.
Upande mmoja: Famau Lali, sukari kilo mbili, hajalipa.
Upande wa pili: Batuli alifungua dirisha, moyo ukamwenda mbio.
Wino wa baba hupenya. Mara nyingine mpenzi wangu
hupiga magoti juu ya unga wa ngano.

Hata jina la shujaa nimelitoa humo.
Famau hakulipa sukari; basi nimemtia kazini,
apende mpaka deni liishe.

Sina mchapishaji. Nina Sadru wa Mombasa, mwenye mashine,
anayehesabu mapenzi kwa kurasa:
mia mbili na nane, ukizidisha moja bei yapanda.
Nina Mwalimu Kassim, mstaafu, hapa hapa Langoni,
anayesahihisha bure kwa sharti asikutwe njiani na mswada mkononi.
Koma anaziweka vizuri. Busu analipigia mstari mwekundu,
pembeni anaandika: "Je, ni lazima?"
Ni lazima, Mwalimu. Wasomaji wangu wa Faza na Witu
hununua busu; koma ni bakshishi.

Naandika baada ya alfajiri, kabla ya mahamri,
mlango wa jikoni nimeuzuia kwa kinu.
Siku nyingine siandiki. Nahamisha neno "pole"
kutoka mstari huu hadi ule,
kama mtu asiyejua kabati likae wapi.

Imebaki sura ya mwisho. Sadru hupiga simu kila Alhamisi.
Famau amerudi, amesimama uani, mvua yamnyeshea
(niliinyesha mwenyewe, Jumatatu),
na ananena kurasa tatu: nyota, lulu, pumzi yangu, bila wewe.
Kurasa tatu! Nililia nikiziandika,
kwa sababu kuna mtu nilimngoja miaka minane
aniambie robo yake,
na siku ya mwisho aliniuliza funguo ziko wapi.

Jana nikamsomea mama. Macho yake yameingia ukungu,
vitabu vyangu huvisoma kwa masikio.
Alikuwa akipepeta mchele.
Ungo ulisimama ukurasa wa pili.
"Huyu mume anena mno," akasema. "Ameiba nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Na baba, nikamuuliza, alikuambia nini siku ile ya kwanza?

"Babako? Hakunena.
Nalikuwa na miaka kumi na sita, naona haya hata kutafuna.
Wakatuwekea sinia moja, wali na samaki.
Akachambua miiba, mmoja mmoja, akaipanga ukingoni
kama sindano za fundi cherehani,
ile nyama nyeupe akaisukuma kwa kidole
upande wangu wa sinia.
Miaka arubaini na moja. Hata alipokuwa hawezi.
Hata nilipomkasirikia, simsemezi.
Nikimkasirikia ndiyo hasa."

Kisha ungo ukaendelea.

Usiku nikafuta kurasa tatu. Nyota nikazing'oa. Lulu pia.
Mvua nikaizima.
Famau nimemketisha jikoni, na samaki mbele yake,
na mikono isiyojua pa kuanzia.
Batuli hajamsamehe. Anatazama vidole.
Mwiba wa kwanza unamchoma; hasemi kitu.

Sadru amelalamika: nimeshapanga kurasa, zitabaki tupu.
Zibaki, nikamwambia. Na bei ishuke.

Leo Mwalimu amerudisha sura, ameikunja ndani ya gazeti.
Hakupiga mstari popote.
Pembeni tu, kwa ule wino wake mwekundu,
karibu na ukingo wa sinia:
"Samaki gani?"

Nikachukua kalamu ya baba, nikaandika:
changu.